Utafiti wangu unasema Dar ni jiji endelevu kuliko Copenhagen. Msimamizi kaukataa. Kakosea nani?

#1 Binti_Mipango
Wakubwa shikamooni, wadogo mambo.

Nasoma mipango miji, mwaka wa mwisho. Tasnifu yangu inalinganisha uendelevu wa majiji manne: Copenhagen, Curitiba ya Brazil, Singapore na Dar es Salaam yetu. Kwa yale matatu nimetegemea maandishi. Kwa Dar nimekwenda kuhesabu mwenyewe. Wiki mbili nimekaa Magomeni Mapipa, saa 11 alfajiri mpaka saa 3 asubuhi, kwenye kiti cha plastiki nilichoazimwa na mama mmoja anayekaanga vitumbua. Daftari lina safu saba: miguu, baiskeli, daladala, mwendokasi (basi la njia yake pekee), bodaboda, bajaji, gari binafsi. Kila anayepita, kijiti kimoja.

Nilichokiona hakitamshangaza yeyote aliyewahi kuamka mapema Dar. Wenye magari yao ni wachache ila ndio wanaoijaza barabara. Waliobaki wanatembea au wamebanana. Ukigawanya moshi wa barabarani kwa idadi ya vichwa, mtu wa Dar anachafua kidogo mno. Nikaandika hitimisho: kwa moshi wa kila kichwa, Dar ni jiji endelevu kuliko Copenhagen.

Msimamizi karudisha sura ya 4. Pembeni kaandika kwa wino mwekundu maneno matatu: "Usiite umaskini uendelevu." Basi. Nikimpigia hapokei.

Vijiti vyangu nimevihesabu mara tatu. Kakosea nani?

#2 Kaka_Mpole
Natandika jamvi hapa. Mwenye kahawa apitishe.

#3 Mbeba_Maboksi
Dada, kwa hili namuunga mkono msimamizi wako.

Niko Denmark mwaka wa 9 sasa. Zaidi ya nusu ya wakazi wa Copenhagen wanakwenda kazini au shuleni kwa baiskeli. Lakini wengi hawajui kwamba hawakuzaliwa hivyo. Miaka ya 1960 jiji lilikuwa limesharuhusu magari yatawale, baiskeli zikapungua. Mtaa wa Strøget walipoufungia magari mwaka 1962, wenye maduka walilia kwamba watafilisika. Mafuta yalipopanda 1973 serikali ikaweka Jumapili za bila magari, na baadaye watu wakaandamana kudai njia za baiskeli. Kwa hiyo yule unayemwona asubuhi ya Januari, upepo wa bahari unamkata masikio, watoto wawili kwenye sanduku la mbele, huyo ana uwezo wa gari. Kaliacha.

Wako wa Magomeni hakuacha kitu. Hana cha kuacha. Hapo ndipo mlipoachana na msimamizi wako.

#4 KondaMstaafu
Mbeba Maboksi miaka 9 bado unatusimulia upepo. Rudi nyumbani ndugu yangu.

Mimi nimepiga debe Mwenge hadi Posta tangu enzi za vipanya. Hiace ya watu 15 tunaweka 26, na mtoto wa shule hahesabiwi. Nionyesheni jiji gani duniani linaitumia lita moja ya dizeli vizuri namna hiyo. Mwanafunzi kashinda, apewe digrii yake.

#5 Mchuuzi_wa_Hoja
Konda umechekesha, ila tuzo tulishapewa kweli. Dar ilipata Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018 inayotolewa kwa uratibu wa ITDP, taasisi yenye makao New York. Jiji la kwanza la Afrika kuipata. Ilikuwa kwa sababu ya mwendokasi, ule wa Kimara hadi Kivukoni uliofunguliwa Mei 2016, nauli ikiwa 650.

Na wazo lenyewe tulilinakili kwa Curitiba. Wale walianza 1991 baada ya kumchagua meya aliyekuwa msanifu majengo, Jaime Lerner. Kwa hiyo mleta uzi, siri ni uongozi. Chagueni meya anayejua kuchora, mengine yatafuata.

#6 Fundi_Ramani
Mchuuzi umepuyanga mara mbili kwenye sentensi moja.

Kwanza, njia za mabasi pekee Curitiba zilianza 1974. Mwaka 1991 ndipo vilipokuja vile vituo vya bomba la kioo ambavyo kila mtu anavipiga picha, abiria analipa kabla ya kupanda. Pili, mara ya kwanza Lerner hakuchaguliwa na mtu. Aliteuliwa mwaka 1971, Brazil ikiwa chini ya utawala wa kijeshi. Na mpango hakuuanzisha yeye: taasisi ya mipango ya jiji, IPPUC, iliundwa 1965, na Lerner alitokea humo.

Nadhani siri yao haikuwa meya wala basi. Ilikuwa ardhi. Walitangaza mapema kwamba maghorofa yataruhusiwa kandokando ya njia za mabasi, na ukienda mbali na njia unashuka mpaka nyumba za chini. Sensa ya 1970 Curitiba ilikuwa na watu kama laki 6 tu. Basi likatangulia, ghorofa likalifuata. Sisi mwendokasi imefika Kimara vilima vyote vimeshajaa nyumba mpaka kwenye makorongo, na mtu akishuka kituoni bado ana bodaboda moja na kupanda mlima kwa miguu. Dar sensa ya 2022 ni watu 5,383,728. Unalinganisha mtoto aliyepimiwa nguo na mtu mzima aliyevalishwa ya kuazima.

Halafu dada, usiitukuze sana Curitiba kwenye tasnifu. Pamoja na mabasi yote hayo, ni miongoni mwa miji ya Brazil yenye magari mengi kwa kila mtu. Watu walipopata hela walinunua magari.

#7 Mchuuzi_wa_Hoja
Nimekubali kusahihishwa kuhusu miaka. Ila kama aliteuliwa na wanajeshi, basi hoja yangu inapata nguvu zaidi: jiji endelevu linahitaji ubavu.

Tazama Singapore. Kuanzia 1975 ukiingia katikati ya mji na gari unalipia. Kuanzia 1990 huwezi kumiliki gari mpaka ununue kwa mnada cheti cha kulimiliki, na cheti kinaisha baada ya miaka 10. Mwaka 2023 cheti kimoja kilivuka dola 100,000 za kwao. Cheti tu, gari bado. Hapo unamkuta mkurugenzi kwenye treni, na hakuacha gari kwa kupenda mazingira kama Wadenishi wa Mbeba Maboksi. Kabanwa.

#8 MzeeWaIkarusi
Vijana mnazungumzia basi la kukunjika kama kitu kilichokuja juzi. Sisi UDA, shirika la mabasi ya jiji, tulikuwa na Ikarusi kutoka Hungaria, lina mkunjo katikati kama kinanda cha mkono, ukisimama pale kwenye duara likikata kona unahisi dunia inazunguka. Foleni tulikuwa tunapanga. Tunapanga kweli, mmoja nyuma ya mwingine. Vipuri vilipokwisha, mabasi yakabaki magofu kwenye yadi, ndipo watu binafsi wakaingia na chai maharage.

Kwa hiyo mimi naona kisa chote ni vipuri. Jiji lolote linaweza kununua mabasi. Swali ni mwaka wa 7.

#9 Kaka_Mpole
Mzee wangu, chai maharage ni nini tena? Tumetoka kwenye tasnifu tumeingia jikoni?

#10 MzeeWaIkarusi
Marahaba mwanangu, ingawa hukuamkia. Vilikuwa vigari vya wazi nyuma, mabenchi mawili, mnakaa mnatazamana magoti kwa magoti kama mko mgahawani mnakunywa chai kwa maharage. Nauli shilingi 5, tukaiita dala, kwa kuwa dola enzi hizo ilikuwa karibu na hapo. Jina daladala limetokea huko.

#11 Ndoo_Mbili
Mnabishana mabasi, mimi nizungumze maji maana kwenye huo utafiti siyaoni.

Mwaka 2018 Cape Town walitangaziwa kwamba mabwawa yanakauka, mabomba yatafungwa siku iliyopewa jina Day Zero, kila mtu mwisho lita 50 kwa siku. Dunia nzima ikatazama. Watu wakaoga wamesimama kwenye beseni, yale maji wakaflashia choo. Wakasifiwa kwa kubana, na kweli walibana, mabomba hayakufungwa.

Mimi naishi pembezoni mwa Mbagala. Lita 50 ni ndoo mbili na nusu. Nyumbani kwetu mtu mmoja akitumia ndoo mbili na nusu, mama anauliza kuna msiba? Hata jina langu humu mmeliona. Kwa hesabu za Binti Mipango mimi ni shujaa wa mazingira tangu nizaliwe. Lakini ndoo ile nainunua kwa mwenye kisima, na kwa lita namlipa zaidi ya anayelipa bili ya bomba Masaki.

Kumbuka pia, hata Cape Town kwenyewe, watu wa vitongoji vya mabanda walikuwa tayari wanachota kwenye bomba la pamoja kabla ya tangazo. Kwao siku ya mwisho ya maji ilishafika zamani, hakuna aliyeipa jina.

#12 Nairobi_Juu
Hii ya Ndoo Mbili imenigusa.

Huku Nairobi pia tunatembea sana. Enda barabara ya Jogoo saa kumi na mbili asubuhi uone, ni kama maandamano yasiyo na mabango. Mwaka 2022 tukafunguliwa barabara ya juu ya kulipia, kilomita 27, mwenye gari anapaa kutoka Mlolongo mpaka Westlands. Chini yake mwendaji wa miguu anaruka mtaro na ubao.

Na kichekesho: UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, liko hapa hapa Gigiri. Wataalamu wa majiji ya ulimwengu mzima wamekwama kwenye msongamano na matatu zetu. Wangetaka jibu la swali la huyu dada wangeshusha kioo tu.

#13 Bibi_Mkaa
Binti, hongera kwa kuamka saa 11. Ila umehesabu vinavyopita barabarani ukasahau kinachowaka chini ya kikaangio cha huyo mama aliyekupa kiti.

Nimeuza mkaa Tandika miaka 14. Kopo, sado, debe, mpaka gunia la lumbesa. Nilipoanza mzigo ulitoka Kisarawe, lori linakwenda asubuhi linarudi jioni. Sasa dereva analala njiani. Kila mwaka msitu unarudi nyuma na sisi tunaufuata. Jiji zima linakula msitu halafu wewe unaandika Dar haina moshi kwa sababu hukuuona ukipita Magomeni. Ulipita usiku, umefunikwa turubai.

Najua kuna mkakati wa taifa uliozinduliwa 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Mimi mwenyewe nyumbani natumia mtungi wa gesi. Ukiisha katikati ya mwezi, natumia biashara yangu.

#14 Binti_Mipango
Bibi Mkaa umenibomoa. Kweli sura yote haina neno mkaa. Na yule mama anatumia jiko la mkaa, nimekaa pembeni yake wiki mbili nikiota moto huo huo.

Acha niwaeleze kitu ambacho sikukiandika kwenye tasnifu. Huyo mama anatoka Mabibo kwa miguu, ndoo ya unga uliokwishaumuka kichwani, kaifunika sahani na kanga. Siku ya pili nikamuuliza kwa nini asipande gari. Akaniambia: "Nauli ya kwenda na kurudi ni kilo ya mchele. Nikiipanda leo, kesho nakaanga nini?" Na mimi siku hiyo nilikuwa nimemwekea kijiti kwenye safu ya miguu. Nikajisikia vibaya, nikaendelea kuhesabu.

Lakini Mbeba Maboksi naye asinyamaze. Kama natakiwa kuhesabu mkaa wa Kisarawe kwenye deni la Dar, basi na nguo, simu na nyama wanazoagiza Copenhagen zihesabiwe kwao. Moshi wa kiwanda kilichoko China unaandikwa China. Hiyo haki iko wapi?

#15 Mbeba_Maboksi
Sinyamazi, nakubali.

Copenhagen walijiwekea lengo la kufuta hewa ukaa yote ifikapo 2025. Mwaka 2022 wakakiri kwamba hawafiki. Na tazama tanuru lao la taka, Amager Bakke: linachoma taka, linatoa umeme na maji ya moto ya kupasha nyumba, juu ya paa wameweka mteremko wa kuteleza. Nimeteleza pale mwenyewe, goti la kushoto linakumbuka mpaka leo. Tatizo tanuru ni kubwa kuliko taka za mji, ikabidi waagize nyingine kutoka nje ya nchi ili moto usizimike. Jiji la kijani linaagiza takataka. Ukiwaambia watu wa dampo la Pugu hawataamini.

Ila kwa Mchuuzi bado nakataa hiyo hoja ya ubavu. Stockholm mwaka 2006 walitoza magari yanayoingia mjini kwa majaribio ya miezi 7. Kabla ya majaribio wengi walipinga. Baada ya kuonja barabara nyeupe wakapiga kura, wakasema irudishwe, ikarudi 2007 moja kwa moja. Hakukuwa na mwanajeshi pale.

#16 KondaMstaafu
Tunaweza kuagiza mteremko wa kuteleza tuuweke pale dampo la Pugu? Tusitoze, ila wa kuteleza atoke na nguo zake.

#17 Mwana_Kigali
Wakuu, mmezunguka Ulaya mmeruka jirani.

Kigali mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2008, Kenya wakafuata Agosti 2017, nyinyi Juni 2019. Enzi hizo ukivuka mpaka wa Rusumo na mfuko wako wa rambo, unafunguliwa begi, nguo unabaki nazo mkononi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, kila mtaa unatoka na majembe na mafagio. Tuna siku za kufunga barabara watu wakimbie na kutembea. Wageni wanapiga picha, wanaandika ripoti.

Mimi ni mkazi, najivunia. Lakini niwaambie pia: usafi ni kitu kimoja, uendelevu ni kingine. Barabara inang'aa, na mama mwenye beseni la parachichi haruhusiwi kukaa kwenye ukingo wake. Vilima vyetu watu wanapanda kwa miguu kama huyo mama wa Mabibo, tofauti yetu na nyinyi njia imefagiliwa.

#18 Chukudu_wa_Birere
Bandugu, miye niko Goma. Nimesoma tangu juu mpaka hapa nikaona hakuna mtu amesema chukudu.

Chukudu ni kama pikipiki ya mbao, magurudumu mawili ya mbao yamevikwa mpira wa tairi ya zamani, haina injini. Fundi anachonga na mkaratusi. Tunabeba viazi, makala (mkaa), mifuko ya simenti, mamia ya kilo. Kushuka kutoka Kibumba unapanda juu unaachia, breki ni kipande cha tairi unakanyaga kwenye gurudumu la nyuma. Kupanda unasukuma. Katikati ya mji tumejengewa sanamu yake ya rangi ya dhahabu. Petroli ikose, chukudu inatembea. Hakuna moshi hata kidogo.

Sasa yule msimamizi akuje aniambie, hii ni umaskini ao ni uendelevu? Maana nilinunua yangu na pesa yangu, ikanisomesha mtoto. Lakini huyo mtoto nikimuliza kama anataka chukudu, anacheka.

#19 KondaMstaafu
Chukudu, moja ni bei gani na inafikaje Dar? Naulizia kwa dhati. Mwenge tambarare, breki siihitaji.

#20 Chukudu_wa_Birere
Kama hauhitaji breki haujawahi kuendesha kitu. Andika faragha.

#21 Mswahili_Maskati
Salaam aleikum. Mimi Mzanzibari, kazi yangu iko Ghuba, na nimefika Masdar kule Abu Dhabi, mji ulioanzwa 2006 ukaambiwa utakuwa hauna moshi wala taka. Wataalamu kutoka London wakachora vichochoro vyembamba ili jua lisifike chini, na mnara mrefu wa kunasa upepo na kuushusha. Kulikuwa na vigari vidogo visivyo na dereva vinapita chini kwa chini, vikaishia vituo vichache. Mji wenyewe ulikuwa uishe 2016, tarehe ikasogezwa mpaka 2030.

Niliposimama kwenye kile kichochoro nikacheka peke yangu. Huu si Mji Mkongwe? Shangani saa 7 mchana unapita ukuta hadi ukuta bila kuona jua, kuta za mawe ya matumbawe nene mkono mzima, baraza nje, upepo wa pwani unajua njia. Babu zetu hawakumlipa mshauri. Halafu tukatoka humo tukajenga nyumba za bati na tofali la saruji, tukanunua kiyoyozi. Nadhani ugonjwa wetu ni huo, tunasahau tulichonacho mpaka mgeni atuuzie.

#22 Nairobi_Juu
@Mswahili Maskati umenena, ila babu zako waliokaa kwenye mawe walikuwa wachache. Waliobaki walikaa ng'ambo kwenye udongo na makuti. Vichochoro vya baridi vilikuwa na kodi yake.

#23 Mswahili_Maskati
Hilo siwezi kulikataa. Bibi yangu alikuwa wa Ng'ambo.

#24 Fundi_Ramani
Nirudi kwa mwanafunzi, maana konda ameshageuza uzi gereji.

Mwaka 2015 nilikuwa mwanafunzi kama wewe, nikaingia kwenye Ramani Huria. Wanafunzi wa vyuo vya Dar tulipelekwa kata zinazofurika, tunatembea na mjumbe wa shina, tunachora kila nyumba, mtaro na choo kwenye ramani ya wazi ya mtandaoni. Ili kujua mafuriko yalifika wapi hatukuwa na vipimo. Tulimuuliza mwenye nyumba, naye anaonyesha mwilini: hapa. Magoti, kiuno, kifua. Kuna mzee mmoja alinyanyua mkono juu ya kichwa, akauacha huko bila kusema kitu. Nikaandika namba, mkono wangu ukitetemeka.

Tulichojifunza kule hakimo kwenye safu zako saba. Nyumba nyingi za Dar hazina bomba la maji taka, zina shimo. Likijaa, mwenye hela anaita gari, asiye na hela anawaita vyura, wale vijana wanaoingia shimoni na ndoo, au anasubiri mvua kubwa aifungulie choo kiende na maji. Tunaita kutapisha. Jirani wa chini anapokea. Utaweka wapi hicho kwenye moshi wa kila kichwa?

Na hii ndiyo sababu napenda ungetoa Singapore uweke Seoul. Mwaka 2003 walianza kuvunja barabara ya juu iliyofunika kijito cha Cheonggyecheon, 2005 kijito kikafunguliwa, karibu kilomita 6 za maji na miti katikati ya jiji. Sisi tuna mto Msimbazi. Desemba 2011 maji yaliua watu zaidi ya 40 mjini, waathirika wa mabondeni wakapelekwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Miaka michache baadaye karakana ya mwendokasi ikajengwa bondeni hapo hapo Jangwani, na kila mvua kubwa ilipokuja mabasi yalioga. Basi lililoshinda tuzo likazamishwa na mto tulioukalia. Sasa kuna mradi wa bonde uliopitishwa na Benki ya Dunia mwaka 2022, bustani na daraja refu. Huo ulinganisho ndio wa maana.

#25 Mchuuzi_wa_Hoja
Fundi nami nikusahihishe, zamu yangu. Kijito cha Seoul unachokisifia maji yake yanapampiwa kutoka mto Han. Zima pampu, kijito kinakauka karibu chote. Na wachuuzi waliokuwa pale waliondolewa. Ile ni chemchemi ya kupendeza inayotumia umeme, usiite mto.

#26 Fundi_Ramani
Kweli, inapampiwa. Naiondoa kwenye neno "mto". Kwenye neno "ulinganisho" siiondoi. Hata sisi Jangwani watu wameondolewa, tofauti nataka mwanafunzi aichunguze: walilipwa nini, wakaenda wapi, na huko walikoenda wanapanda magari mangapi kurudi Kariakoo kutafuta riziki. Mtu aliyetembea dakika 20 ukimhamishia Mabwepande umemtengenezea moshi.

#27 MzeeWaIkarusi
Addis Ababa waliwekewa treni ya umeme mjini, ikaanza Septemba 2015, kila mtu akaisifu. Baada ya miaka michache behewa nyingi zimelala yadi. Sababu? Vipuri.

Nilisema.

#28 Ndoo_Mbili
Mzee, ukiulizwa kwa nini mvua haijanyesha pia utasema vipuri.

#29 MzeeWaIkarusi
Inategemea. Nani anaitengeneza?

#30 Binti_Mipango
Samahani kwa kimya, nilirudi Magomeni.

Msimamizi hatimaye alipokea simu. Nikamsomea post ya #3, ya #11 na ya #13. Akasikiliza, akasema "sasa umeanza utafiti", akakata. Sijui ni sifa au tusi.

Nimefanya hivi. Singapore nimeitoa, Seoul bado natafakari. Kwenye daftari nimeongeza safu ya nane. Sasa sihesabu tu anayetembea, namsimamisha na kumuuliza: ungekuwa na nauli, ungepanda? Nilikuwa na uhakika wa jibu. Nilishaandika hadi aya yake kichwani: wanatembea kwa sababu hawana, msimamizi yuko sahihi, Mbeba Maboksi yuko sahihi, yaishe.

Jana saa 12 kasoro nimemsimamisha wa kwanza, kijana wa makamo, shati limepigwa pasi, begi la mgongoni. Anatokea Manzese anakwenda Kariakoo. Nikamuuliza swali langu. Akatoa kadi ya mwendokasi mfukoni akanionyesha, ina salio. Akasema: "Nauli ninayo dada. Nikisimama kituoni, basi la kwanza limejaa, la pili limejaa, la tatu nimeshafika Kariakoo kwa miguu." Akaendelea na safari yake.

Huyo namweka safu gani? Si maskini wa msimamizi. Si Mdenishi aliyeacha gari. Basi lipo, hela ipo, na bado anatembea. Nimemwachia kijiti nje ya mstari.

Wa pili alikuwa mama wa vitumbua mwenyewe. Akasema swali langu ni la kijinga, nikae nile kabla hakijapoa.

#31 Mbeba_Maboksi
Huyo kijana wa kadi amenichanganya hata mimi. Nilidhani nina jibu.

#32 Bibi_Mkaa
Ulikula?

#33 Binti_Mipango
Vitatu. Alikataa hela.

#34 KondaMstaafu
Huyo kijana wa Manzese ningemtangulia na Hiace yangu, angefika Kariakoo kabla basi la pili halijafunga mlango. Na ningemuwekea kijiti kwenye paja la abiria mwingine.

Chukudu, nimekuandikia faragha tangu juzi hujajibu.